Mtungi Ulioinuka kwa Mkono Mmoja

Jumatano jioni, Nakawa

Kato ananiona mjinga. Leo huyu msimamizi wetu wa jalala alinipa kadi mpya niifunge kwenye mtungi wa kuzima moto wa tingatinga, maana wakaguzi wanakuja kesho. Kadi inasema mtungi umejazwa unga wa kuzimia moto wiki hii. Nani aliujaza? Fundi ni mimi, na mtungi haujatoka kwenye mashine.

Nikafungua bolti zake, nikauinua kwa mkono mmoja. Ukijaa, huinuliwa na watu wawili.

Nilipomuuliza Kato, akasema, "Fundi, hao wakaguzi wanasoma kadi tu. Wewe Mkenya, huku ugenini kazi nyingine utaipata wapi?"

Bahati, Mkongo anayeendesha tingatinga hilo, alikuwa karibu. Taka zile huwaka chini kwa chini, naye hushinda juu yake. Akaniuliza polepole, "Iko muzima, fundi?"

"Hapana. Hauna kitu."

Akachomoa ufunguo wa mashine, akautia mfukoni, akaenda zake.

Kato alikuwa anapiga simu huku ananitazama. Alikuwa anampigia nani?

Kesho nitawaomba wakaguzi wauinue wenyewe, kama mlinzi atanifungulia geti.