Kiroba cha Mawe

Jumanne, Mwakitolyo

Ati mshahara hauna utamu kwa sababu unaujua kabla haujafika! Hayo ni maneno ya mume wangu, mtu mzima mwenye mvi. Leo tena kule mgodini wamempa achague: pesa mkononi, au kiroba cha mawe ambacho hakuna ajuaye kama kina dhahabu. Akaja na mawe, anacheka kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya sikukuu.

"Mama Kulwa, huenda safari hii..."

Huenda! Watoto hawali huenda. Kuna watu wamezaliwa bila akili ya kesho, na mimi nikaolewa na mmoja wao.

Alipoyasaga na kuanza kuyaosha, nilisimama mlangoni nikisonya.

Karai lilibaki na mchanga mtupu. Najua, kwa sababu niliyeinama wa kwanza kuchungulia ni mimi.