Shemeji Anataka Nibadilishe Mkono, Mimi Nataka Kubadilisha Kalamu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, lakini nakuambia mapema kwamba sikuja kuambiwa nivumilie, hilo nimeshaambiwa na ukoo mzima.

Mimi ni fundi nguo, ufundi nimejifunza mwenyewe kwa kufumua nguo kuukuu na kuzishona upya, na karakana ni yangu, chumba kimoja chenye cherehani tatu na meza ya kukatia, sikupewa na mtu. Magauni nayachora kwenye tableti juu ya visanduku, kila kisanduku ni sentimita moja ya kitambaa, nikimaliza namtumia mkataji wangu kwenye simu naye anakata vile vile alivyoona. Sasa siku nilipofungua karakana, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anayeuza chaja na makava ya simu na mtaani wanamwita Daktari wa Chaja, alisimama mbele ya wageni akanikabidhi kalamu ya tableti, "Shemeji, hii inakubali kioo chochote duniani," watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, sijui nilikuwa napigia nini.

Mshauri, ile kalamu kichwa chake ni mpira, kinene kama ncha ya kidole. Nikilenga kisanduku kimoja inachafua kimoja na nusu, na mzunguko wa kwapa hauna nusu ya kuchezea. Hilo nililimeza. Lililonikaba ni kiganja. Mimi natumia mkono wa kushoto, tangu nipate akili, na nikichora naulaza juu ya kioo kama ninavyoulaza juu ya kitambaa, basi tableti inachora kalamu na inachora kiganja. Kwenye gauni la bibi harusi mmoja kiganja kikaacha mstari visanduku vinne chini ya shingo, mimi sikuuona, mkataji akaona mistari miwili akafuata wa chini. Mama wa bibi harusi alipoliona gauni mwilini mwa binti yake akaniuliza, "Fundi, hii ni shingo au dirisha?"

Amenipa nafasi moja ya kulishona upya, kitambaa juu yangu. Nikiharibu tena anahamia kwa fundi wa barabara ya pili, pamoja na magauni sita ya wasindikizaji, na jina langu analibeba huko huko akalipake matope.

Basi tulipokutana kwa mama mkwe nikaeleza yaliyonipata. Shemeji akacheka huku anapuliza chai yake. "Kalamu haina tatizo, tatizo ni mkono. Wenzake wote wanachora kulia, yeye anasukuma kushoto kama anayefuta meza." Mama mkwe akasema, "Mwanangu, si ujaribu tu kulia? Mkono ni mazoea." Nikamgeukia mume wangu nikijua atanitetea, naye akaangalia sahani, "Mke wangu, uwe unaitumia hata mbele yake tu, amani iwepo." Mshauri, nikaichukua ile kalamu nikaitumbukiza kwenye kikombe cha shemeji, nikamwambia, "Koroga sukari. Kazi hiyo inaiweza."

Tangu hapo hanisalimii, na mume wangu anataka nikaombe radhi na niirudie kalamu. Siirudii! Kwa hasira nimenunua nyingine, nyembamba kama sindano, ya kuchaji, lakini tableti yangu haiioni kabisa, nimeificha kwenye kopo la vifungo wasije wakanicheka. Je, niombe radhi kwa kuwa na mkono? Na ni kalamu ipi itakayonifaa kabla sijaligusa lile gauni?

Ni mimi, Fundi wa Kushoto

*

Fundi wa Kushoto,

Pole kwa gauni, na hongera kwa kutokubali. Mkono wako hauumwi. Umekulisha, umekununulia cherehani tatu, leo ndiyo uambiwe haufai kwa sababu ya kijiti chenye mpira?

Shemeji yako hakudanganya aliposema inakubali kioo chochote. Inakubali kwa sababu inajifanya kidole, na kioo hakiwezi kutofautisha kidole na kiganja. Hata angechora yeye kwa mkono wake wa kulia, akiulaza tu, mstari ungetokea.

Lakini na wewe nikuseme. Unaweza kununua sindano ya cherehani bila kujua ni cherehani gani? Huwezi, utamcheka anayefanya hivyo. Sasa mbona umenunua kalamu kwa wembamba wake? Kalamu inayojua kupuuza kiganja lazima ielewane na tableti yenyewe, na kila aina ina tableti zake. Zipo pia nyembamba za kuchaji zinazoshika kila kioo, ila hizo kiganja chako hazikisamehe. Fungua mipangilio, soma jina kamili la tableti yako na toleo lake, ndipo uulize kalamu yake. Ile ya kwenye kopo la vifungo irudishe dukani mapema, wakicheka wacheke.

Ukienda kununua, nenda na tableti yako mkononi, usikubali kujaribia ya dukani. Laza kiganja chote juu ya kioo, uchore. Kisha shika rula, vuta mstari wa mshazari taratibu sana. Ukitetemeka kama mawimbi, iache hapo hapo. Bonyeza kidogo, bonyeza sana, uone kama mstari unanenepa unavyotaka wewe. Uliza kama ncha za akiba zinapatikana, maana ncha inalika kama chaki. Ikiwa tableti yako haina kalamu yake kabisa, chukua ile nyembamba inayoshika kila kioo, kisha kunja kitambaa kizito mara kadhaa uweke chini ya kiganja, vipande si unavyo tele? Utachora hivyo hadi upate tableti nyingine.

Na kabla ya gauni lile, kaa na mkataji wako mkubaliane: mstari wa kukata ni mwekundu, mwingine wowote asiuguse bila kukupigia simu. Kosa la shingo halikuwa la kalamu peke yake, fundi. Mchoro uliutuma wewe.

Mumeo mwambie waziwazi kwamba amani ya kuigiza itamharibia mkewe kazi, na kazi hiyo inamlisha na yeye.

Kuhusu radhi: omba, lakini kwa ajili ya chai. Chai ya mtu haitumbukizwi vitu. Nenda dukani kwake, msalimie, mlipie kikombe kingine, kisha weka tableti mezani, laza mkono wako wa kushoto juu ya kioo mbele ya wateja wake, umwambie akutafutie kalamu ya tableti hii na ya mkono huu. Akiipata, nunua kwake. Akikuambia ubadilishe mkono, badilisha duka.