Pumzi Thelathini na Nne

Minza wangu,

Nilianza kama tulivyofundishwa shule ya msingi, "natumaini hujambo, ama mimi ni mzima wa afya," nikaishia hapo. Karatasi ile nimeichana. Hii ni ya pili, na nikiiharibu sitaandika ya tatu. Unanijua kwa uvivu.

Leo ni Jumapili mchana, nimetoka kanisani na sijabadilisha nguo. Nimekaa kwenye kitanda chako. Msichana waliyemleta baada yako ni wa Sengerema, mpole, tena anatandika shuka vizuri kuliko mimi na wewe tukichanganywa, lakini mwezi mzima sikumsemesha zaidi ya salamu. Kosa lake lilikuwa kulala pale ulipokuwa unalala wewe. Mwishowe nikamwomba tubadilishane vitanda, akakubali bila kuuliza. Kwa hiyo sasa nalala ukutani, na ile mifupa uliyoiandika kwa penseli wakati wa anatomia, kuanzia nyonga hadi kidole gumba cha mguu, bado ipo. Wapaka rangi walikuja mwaka huu. Niliwaambia ukuta ule una unyevu, wauache.

Mengine yamebadilika. Bomba la uani linatoa maji kila siku. Mama wa chapati amehamia ng'ambo ya barabara. Yule kaka wa maabara uliyekuwa unaapa kwamba ananipenda, ameoa, na hakunialika hata kwenye kikao cha harusi. Ungecheka mpaka ukaomba maji. Nami niko mwaka wa tatu, Minza. Mwaka wa tatu, na wewe hukuumaliza hata wa kwanza vizuri. Naichukia hiyo sentensi lakini ndiyo hivyo.

Ninalokuandikia ni hili. Kesho wanapokelewa wanafunzi wapya, na Madamu Shija, mkufunzi wetu wa uuguzi, amenichagua nisimame mbele yao niwape nasaha za muhula wa kwanza. Unajua kwa nini mimi. Ni kwa ajili ya yule mzee wa Ukerewe. Madamu anawasimulia kila darasa jipya habari ya mwanafunzi aliyekuwa makini wodini akaokoa maisha ya mtu, kisha ananyoosha mkono upande wangu. Nami hutazama viatu vyangu.

Nitafika kwa mzee. Acha kwanza nikukumbuke kidogo, maana nikianza na mzee nitaishia kulia, na binti wa Sengerema anafua hapo nje.

Siku ya kwanza uliingia chumbani na begi moja, ndoo, na mfuko wa matobolwa kutoka kwenu Kisesa. Mimi, mtu wa Musoma, nikauliza hayo magome ya mti ni ya dawa gani. Ukaniambia ni viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, na kwamba sisi watu wa Mara tunachojua ni kula nyama na kugombana. Tukawa marafiki hapo hapo. Jioni ile ulimeza kidonge chako, ukasema kama mtu anayetaja kabila lake: "Mimi nina selimundu, ule ugonjwa wa damu. Ikinishika usipige kelele. Chemsha maji, nifunike, nipe ninywe, halafu ndiyo uite mtu mzima."

Nilichemsha maji mengi muhula ule. Upepo wa ziwa ulipoanza kupanda jioni, wewe ulikuwa unalivaa sweta langu la kijani bila kuomba, na ukilirudisha linanuka mafuta yako ya nazi. Siku hizi linanuka sabuni tu.

Sisi wengine tulikuja chuoni kujifunza wodi ni kitu gani. Wewe ulikuwa umekulia humo. Wakati tunahangaika na majina ya Kilatini, wewe ulikuwa na elimu ambayo Madamu hakuwa nayo, kwa sababu ulijifunzia ukiwa umelala chali. Ulituambia mgonjwa anausoma uso wako kabla wewe hujaisoma chati yake, kwa hiyo ukiwa na jambo lako liache mlangoni. Ulituambia tusimwite mtu "kitanda namba saba". Ulisema ukiwa na miaka tisa uliitwa kitanda namba saba wiki mbili nzima, na siku mhudumu wa usafi alipokuita Minza ulimlilia mama yako kwa furaha, kama mtoto aliyepotea akaokotwa. Ulitukataza kukaa kwenye kitanda cha mgonjwa bila kuomba, maana ndicho chumba chake na sebule yake. Na ulikuwa mkali juu ya chai. Ukimwona mtu anakwenda wodini na njaa unampokonya daftari. "Utaanguka wewe, halafu wagonjwa wainuke wakuhudumie?"

Lakini somo lako kubwa lilikuwa pumzi.

Unakumbuka sote tulivyokuwa tunazipika. Joto unapima kwa kipimajoto, presha unapima kwa mashine, mapigo unayashika mkononi, ila upumuaji unataka usimame, utazame kifua cha mtu dakika nzima bila kufanya lolote. Nani ana dakika? Waliotutangulia walishatunong'oneza: andika ishirini. Ishirini haina maswali. Ukipita kwenye chati za wodi nzima unakuta wote wanapumua ishirini, kijana na kikongwe, aliyelala na aliyetoka msalani.

Wewe ulikuwa unahesabu. Tena kwa ujanja: ukimaliza mapigo huuachii mkono. Unaendelea kuushika kama bado unahesabu mapigo, kumbe macho yako yako kifuani. Ulisema mgonjwa akijua unatazama pumzi yake ataibadilisha, hata wewe ulikuwa unafanya hivyo ukiwa mtoto, unapumua vizuri makusudi ili uruhusiwe kwenda nyumbani.

Basi, mzee. Ilikuwa wiki yetu ya tatu ya mazoezi. Kalazwa na kidonda cha mguu, mtu wa visiwani, mcheshi, ananiita mkwe. Asubuhi ile hakuniita mkwe. Nilimpima joto, presha, mapigo, nikaandika ishirini kwenye daftari langu dogo, nikahamia kitanda kinachofuata. Wewe ulikuwa upande wa pili wa njia. Ulikuja, ukachungulia daftari, ukaninong'oneza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako kabla wala baada: "Mkami. Rudi ukahesabu." Nikakwambia sista anasubiri chati. Ukanipokonya kalamu mkononi. "Rudi."

Nikarudi, nikaushika mkono wa mzee, nikatazama kifua. Ulisimama nyuma yangu na saa yako yenye mshale wa sekunde, maana mimi sikuwa na saa, nilikuwa natumia simu kwa kificho, na simu wodini marufuku. Thelathini na nne. Anatabasamu, Minza, anatabasamu huku anapumua thelathini na nne. Nikaifuta ishirini, nikaandika ile ya kweli, nikakimbia kwa sista. Oksijeni ikaletwa, daktari akaitwa, na baada ya siku kumi mzee alirudi kwao akitembelea fimbo.

Namba ilikuwa kwa mwandiko wangu. Hilo tu ndilo walilolitazama. Madamu alinisimamisha mbele ya darasa, wakapiga makofi. Nikakugeukia, nawe ulikuwa unapiga makofi kuliko wote. Nje nilisema nakwenda kumweleza ukweli. Ukasema, "Nyamaza wewe. Tayari una maonyo mawili kutoka kwa sista kwa ajili ya mdomo wako. Hiyo sifa inakufaa kuliko mimi."

Na mimi nikanyamaza. Nilinyamaza haraka mno, Minza. Uliniambia mara moja tu, na mara hiyo moja ilinitosha.

Ningeweza kuishi na hilo, nadhani, kama mambo yangeishia hapo. Lakini mwisho wa mwaka walikuita ofisini. Siku ulizokosa zilikuwa nyingi. Wakakushauri uahirishe mwaka, na Madamu, kwa nia njema kabisa, akakuuliza kama una hakika kazi hii ni yako. Ulirudi chumbani ukakaa hapa nilipokaa mimi sasa, ukanisimulia huku unacheka, na nilijua hicho si kicheko. Hapo ndipo nilipaswa kusimama. Ningekwenda ofisini nikasema: mnayemwuliza kama kazi ni yake ndiye aliyemwokoa yule mzee, mimi nilikuwa naandika ishirini. Nilifika hadi kwenye korido. Nikasoma matangazo ubaoni, yote, hata ya mpira. Nikarudi.

Ulikwenda Kisesa kupumzika na ukafariki kabla mwaka huo wa mapumziko haujaisha. Sijui kama ukweli ungekubakiza chuoni. Pengine siku zako zilikuwa zilezile. Lakini ungekwenda ukijua kwamba wanajua. Hicho ndicho kinachoniuma, na sitakipamba.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa mama yako. Nilimkuta amekaa na jirani wanachambua choroko, na mkononi amevaa saa yako. Inamcheza, inashuka hadi kwenye kifundo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, na kabla sijakaa akamgeukia jirani: "Huyu ndiye Mkami niliyekwambia, aliyemwokoa mzee wa watu." Minza! Ulimsimulia na yeye hivyo! Hata nyumbani kwenu, mbele ya mama yako, hukujipa hata kidogo.

Jirani alipoondoka nilimweleza yote, ishirini, saa, makofi, korido, na nasaha ninazotakiwa kuwapa wanafunzi wapya. Niliongea nikitazama choroko. Nilipomaliza akaendelea kuchambua kwa muda mrefu, nami nikawa nachambua naye kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Kisha akauliza siku hiyo ya nasaha wanafunzi watakuwa wangapi. Nikasema darasa zima. Akasema, "Basi uwaambie na jina la baba yake. Kina Minza ni wengi huku Usukumani, wasije wakadhani ni mwingine."

Hakuniambia amenisamehe, na sikumwomba. Alinifungia matobolwa.

Kwa hiyo nasaha zangu nilizoziandika wiki mbili nimezitupa. Zilikuwa nzuri: vaeni viatu visivyobana, upeni usingizi haki yake, msilie chooni peke yenu, tafuteni wenzenu mlie wawiliwawili. Hayo nitawaambia mlangoni wakitoka. Mbele ya Madamu Shija nitawaambia kwamba katika muhula wangu wa kwanza niliandika namba ambayo sikuihesabu, na kwamba aliyenirudisha kitandani kwa mgonjwa aliitwa Minza Masanja wa Kisesa, mwanafunzi wa chuo hiki. Nitawaambia makofi yale yalikuwa yake. Najua watakaotoa macho. Najua Madamu anaweza kuniita ofisini. Safari hii matangazo nitayasoma nikitoka, siyo nikiingia.

Halafu nitafanya kitu kimoja ambacho ungekipenda. Watu wanapomkumbuka marehemu husimama kimya dakika moja, wameinamisha vichwa, kila mtu anawaza chakula cha mchana. Sitawainamisha vichwa. Nitamwomba kila mmoja amshike mkono aliyekaa jirani yake, kama anahesabu mapigo, kisha anyamaze atazame kifua chake, dakika nzima, na mwishoni aandike alichokihesabu. Dakika hiyo ndiyo yako. Hawatakujua, lakini watakuwa wanafanya ulichokuwa unakifanya.

Nami nakuahidi, rafiki yangu, mbele ya mifupa yako hii ukutani: sitaandika tena namba ambayo sijaihesabu, hata sista asubiri, hata wodi ijae mpaka chini. Na Kisesa nitakwenda kila likizo, mama yako asichambue peke yake.

Siku ile mama yako alipokuwa amesinzia kwenye kiti kabla sijaondoka, nilimshika mkono, wenye saa yako. Mapigo sabini na mbili. Sikumwachia. Nikatazama kifua chake mpaka mshale ukazunguka wote.

Kumi na saba, Minza. Nimehesabu mwenyewe.

Pumzika, dada yangu.

Mkami wako