Ki Wazi kwa Watu Wote

Jumatatu, 28 Novemba 1955

Mbeya. Mvua imeanza. Leo Tadeo, mchoraji wa ofisi yetu, amesimika kibao katika kiwanja kilicho chini ya soko. Bwana Harwood, msanifu wa bustani za mji, amekipaka kijani kwenye ramani: nyasi, mijakaranda, mabenchi, njia ya miguu. Hapajengwi, hapalimwi. Watu humwita Bwana Maua. Wanacheka — Mzungu mzima analipwa kwa kupanga majani! Hawajui. Kupanga uwazi wa mji ni kazi ngumu kuliko kujenga nyumba.

Maneno ya kibao ni yangu. Tadeo alikuwa ameandika: "Kiwanja hii ya kupumzika, msijenge." Kiwanja hii! Na nilimfundisha mwenyewe katika shule ya Tosamaganga, kabla sijawa mfasiri wa ofisi hii. Nikafuta yote. Nikatafsiri Kiingereza cha Bwana neno kwa neno: KIWANJA HIKI KI WAZI KWA WATU WOTE. Tadeo akayachora kama nilivyompa. Sarufi haina doa.

Jumatano, 30 Novemba

Bwana atamwombea Tadeo nafasi katika chuo cha usanifu huko Uingereza. Barua itaondoka na posta ya Jumatatu. Ofisini kwetu hakuna aliyewahi kupata. Tadeo hali, halali. Amechora bustani ya mji wa Iringa, kwao, bila kuagizwa na mtu — kila mti na kivuli chake cha saa tisa. Mchoro mzuri. Sikumwambia.

Ijumaa, 2 Desemba

Balaa! Kiwanja kimegawanywa. Vijiti na kamba kila upande. Mulji wa duka la vitambaa amemwaga matofali. Sekela, mama mmoja wa Uyole, amekwisha panda mahindi mistari minne.

Nilimwuliza nani amemruhusu. Akaegemea jembe, akaniita baba kwa lugha ya kwao.

"Kibao imeniruhusu, tata. Imesema iko wazi kwa watu wote. Mimi si mtu?"

Nikasema maana yake si hiyo.

"Basi mwenye kuandika hajui Kiswahili!"

Wenzake wakaangua kicheko. Kwao kiwanja kilicho wazi ni kiwanja kisicho na mwenyewe. Ndivyo kila mtu asemavyo. Mimi pia husema hivyo! Nimerudi ofisini.

Jumamosi, 3 Desemba

Bwana amekasirika mpaka masikio yamekuwa mekundu. Mwandiko wa kibao ni wa Tadeo, kwa hiyo anaamini Tadeo alibadili maneno niliyompa. Mwalimu hakosei, alisema. Na mtu asiyeweza kunakili maneno saba hawezi kukabidhiwa mji. Barua ya chuo ameizuia.

Nilikuwapo. Tadeo hakunitaja. Mimi sikujitaja.

Nje nilimwuliza kwa nini alinyamaza.

"Nikutaje wewe, Mwalimu? Mdomo huo niutoe wapi?"

Nikamkemea. Asimame wima, nilimwambia, mtu mzima haongei na viatu vyake. Hasira — kwake! Kosa ni langu, na bado nilimkemea.

Jumapili, 4 Desemba

Misa. Sikusikia hata somo.

Jumatatu, 5 Desemba

Barazani pa ofisi, saa mbili. Bwana amenipa taarifa yake ya kupelekwa Dar es Salaam, niitafsiri na kuitia sahihi kama shahidi. Sentensi ya tatu: "Tangazo lilikosewa na" — kisha nafasi tupu. Nijaze jina kwa mkono wangu. Likijazwa la Tadeo, barua ya chuo itachanwa. Gari la posta linaondoka saa nne.

Kitenzi cha kutendwa, kikishapewa "na", kinadai mtenda. Miaka thelathini nimewachapa watoto kwa kumwacha.

Tadeo amefika. Amevua kofia, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, Mwalimu. Barua imekwenda?"

"Marahaba. Bado."

Ameketi benchi la pili. Haulizi tena. Afadhali angeuliza.

Bwana anaita kutoka ndani, anataka karatasi. Katika nafasi tupu nimeandika "Mwal.", cheo changu mwenyewe; jina bado. Wino haujakauka. Anaita mara ya pili —