Kopo la Mafuta Mekundu

Kurui, Kisarawe
Ijumaa, 11 Julai

Kwa kaka yangu Maulidi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Sofu kwa shangazi Siwema, na kwamba unakula, maana nakujua, ukiwa na mawazo chakula hakipiti. Sisi hatujambo, ila bibi anakohoa asubuhi. Baridi ya mwaka huu si mchezo. Simu yako umeizima, ndiyo maana nimempa Seifu wa bodaboda barua hii akukabidhi mkononi.

Tangu uondoke maneno ni mengi. Ile ndege ya wapima ardhi bado imelala kifudifudi pale uwanjani. Rubani, alhamdulillahi, kavunjika mkono tu. Mimi ndiye niliyesukumwa mbele kumtafsiria; wazee walisema kidato cha tatu asijue Kiingereza, anafundishwa nini? Niliona aibu, nikatafsiri nikitazama chini. Rubani alisema huko juu kulikuwa na baridi kali, na alipotaka kutua magurudumu yalikwama. Akapampu kwa mkono, yakagoma.

Jumatano walikuja wakaguzi wawili kutoka Dar. Walitaka kujua nani aliongeza mafuta ya mtambo wa magurudumu asubuhi ile. Watu wakasema ni Maulidi, fundi msaidizi. Wakauliza kwa nini kopo la mafuta hayo mekundu lilikuwa linalala nyumbani kwetu. Babu akawaeleza kuwa uwanjani hakuna stoo, kitu kikilala pale hakiamki. Mmoja akacheka. Mwenzake akaandika.

Sasa kila mtu ana lake. Mama Ashura anasema uliyauza mafuta halisi huko Kibaha ukajazia takataka, ndiyo maana ukakimbia jioni ileile. Baba mdogo Mfaume anamshuku Ambokile, mlinzi, eti macho yake hayatulii. Ambokile kamjibu mbele za watu, "Muulizeni aliyekimbia, mie si huyu hapa!" Hata mimi, kaka, nisamehe, nilikushuku. Nilijiuliza mtu asiye na kosa anaondokaje bila kuaga.

Jana kabla ya shule nilichukua chupa ya mafuta ya nazi ya bibi nijipake. Yalikuwa yameganda, meupe pee. Nikaigeuza chupa juu chini, halikutoka hata tone. Nikaikumbuka ile baridi ya huko juu aliyoisema rubani.

Kaka, siku moja kabla ya ajali nilikuwa nafagia chumba chako, nikalipiga kopo kwa ufagio, likamwagika karibu nusu. Ulishatukataza kuligusa. Niliona haya kukuambia. Nikafuta sakafu kwa khanga kuukuu, nikajazia mafuta ya bibi mpaka pale yalipokuwa. Mchana ule kulikuwa na joto, yakachanganyika vizuri, rangi ikabaki nyekundu. Nikajisemea, mafuta ni mafuta.

Leo baada ya swala nimemwambia babu. Hakunigombeza. Alisema Jumatatu wakaguzi wakirudi tutakwenda wote, na safari hii nitasema ya kwangu, si ya rubani. Ile khanga sijaifua. Doa bado lipo, nitawaonyesha.

Washa simu, kaka, urudi. Wakikusema, wakuseme ukiwepo.

Msalimie shangazi. Bibi anakusalimu, na kila siku anauliza nani kampunguzia mafuta yake. Yeye bado sijamwambia.

Mdogo wako aliyekuponza,
Zuwena