Herufi Moja ya Kiingereza

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Wifi hajambo? Mimi mwili mzima, ila moyo unachemka. Nimefukuzwa kazi kiwandani.

Siku mashati yalipoungua, msimamizi alisema mbele yangu: "Niliacha pasi kwenye umeme." Nikakupigia simu, nikakuomba uyaandike maneno yake kwa Kiingereza, maana meneja hajui Kiswahili. Wewe mwalimu mzima ukaandika: "He said that I had left the iron on." Nikatia sahihi kwa mbwembwe zote. Leo karani kanisomea: "Alisema kwamba mimi niliacha pasi." Mimi! Miaka kumi na moja nashona kola, leo naitwa mchoma mali. Umenimaliza, bwana!

Dada yako

10 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole sana, na wifi yako anakupa pole. Lakini usinifokee. "Niliacha" kuwa "had left" ni sahihi kabisa, wengi huvurunda hapo. Hata alama za kunukuu nimeziondoa inavyotakiwa. Labda meneja wenu ndiye hakuelewa.

Mdogo wako

17 Machi

We mwalimu,

Salamu baadaye. Nani kakuuliza habari za alama? Aliyesema ni msimamizi, kwa hiyo "I" yake ilitakiwa iwe "he". Karani kanielewesha kabla chai yake haijapoa! Nimeshona nguo za watu mpaka ukamaliza chuo, kumbe hujui kutofautisha mimi na yeye? Mwandikie meneja, useme kosa ni lako. La sivyo, usiniite dada.

Aliyekuwa dada yako

2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Naona aibu. Sentensi ile niliiandika ubaoni, na wanafunzi wakaona kosa kabla yangu. Nimemwandikia meneja. Nisamehe.

Mdogo wako

15 Aprili

Mdogo wangu,

Hamjambo nyote? Barua yako kwa meneja ilifika. Meneja akaniita, msimamizi naye yupo. Akaulizwa kama alisema vile. Akakana, macho makavu! Meneja akaamua nirudi kazini, ila kwanza nimwombe msimamizi radhi kwa kumsingizia.

Nimebeba mkasi wangu na futi, niko nyumbani natafuta wateja. Niliyomwambia msimamizi kabla ya kutoka sikuandikii. Utayageuza.

Dada yako