Samaki Taa wa Ghorofa ya Tatu

Jumapili, 8 Desemba

Wamepiga kura. Kumi kwa mmoja. Huyo mmoja ni mimi.

Mkutano ulikuwa chini, kwenye chumba cha baiskeli, tumesimama na makoti yetu kama watu wanaongoja basi. Mwenyekiti ni Ingvar wa ghorofa ya kwanza. Alifundisha watu kuendesha gari maisha yake yote na mpaka leo anazungumza na kila mtu kana kwamba amekosea gia. Akasema jengo ni la wote na hewa ni ya wote. Kwa hiyo mwaka huu, siku ya Mtakatifu Thorlaki, tarehe ishirini na tatu, marufuku kumpika samaki taa wa desturi, na uvundo wake, humu ndani. Anayemtaka aende hotelini.

Hakunitazama. Hakuwa na haja. Nani mwingine humu anampika? Hata Munda wa ghorofa ya nne, tuliyezaliwa naye ghuba moja kule Magharibi, tuliyekula naye taa tangu hatujaota meno, aliinua mkono huku anatazama glavu zake. Munda!

Nikasema nimesikia. Sikusema nimekubali.

Jumatano, 11 Desemba

Theluji, halafu mvua, halafu barafu juu ya vyote viwili. Nimekwenda kwa muuza samaki natembea kama bata. Nikamwambia nataka taa aliyevundikwa sawasawa mpaka akawa mkali, si yule wanayemlainisha kwa ajili ya watalii. Akauliza mkali kiasi gani. Nikasema wa kumtoa maiti machozi.

Neno likishatoka limetoka. Brandur, mume wangu, yuko kaburini tangu Aprili. Muuza samaki hakujua, akacheka, akanipimia kipande kinono. Nimerudi nyumbani nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani.

Lakini Brandur mwenyewe angecheka. Miaka yote siku ya Thorlaki alikaa upande wa dirisha, pua inawaka, machozi yanamchuruzika kwa ule ukali, anasema, haya, sasa Krismasi imeingia. Bila hivyo kwake ilikuwa siku kama siku nyingine.

Ndoo nimeiweka roshani, kifuniko nimekikandamiza kwa jiwe.

Jumamosi, 14 Desemba

Hallveig amekuja tutengeneze mikate ya majani, ile myembamba ya Krismasi inayochongwa kabla ya kukaangwa. Mwanangu ana mkono mzuri wa kisu, maua anayochonga kwenye unga ni bora kuliko yangu, na mimi nilikuwa nakaanga kwenye mafuta ya kondoo. Tulikuwa na raha. Kisha akatoka roshani kupunga upepo.

Akarudi, uso umebadilika. Akaniuliza kama ndoo ile ni kile anachofikiri. Nikasema ndiyo hicho. Basi akaanza. Shuleni walimwita Hallveig Mkojo kwa sababu ya sweta zake za Januari, zilizobaki na harufu ya taa, je, nakumbuka? Nakumbuka. Nilikwenda kwa mama wa yule mtoto nikamwambia maneno ambayo bado nayaonea fahari. Akasema atanipeleka hotelini, atalipa yeye, kuna meza nzuri karibu na bandari. Nikasema taa wa hotelini sili. Ndipo akalitoa alilokuwa nalo.

"Baba amekufa, mama. Kumpika huyo samaki hakutamrudisha."

"Nani kasema namrudisha? Nina njaa."

Hakucheka. Akafuta kisu polepole, akakiweka.

"Ukimpika, tarehe ishirini na nne siji kukuchukua. Sitanii."

Akaondoka na sahani yake ya mikate, nusu haijakaangwa.

Kila mkesha wa Krismasi nakula kwake. Saa kumi na mbili jioni kengele zinalia redioni, na nchi nzima kila mtu yuko mezani kwa watu wake. Mwaka jana tulikuwa wawili tuliochukuliwa. Mwaka huu ni mimi na redio, nikimpika.

Hata hivyo ndoo haijatoka pale ilipo.

Jumanne, 17 Desemba

Nimefanya ujinga. Niuandike hapa, maana sitamwambia mtu.

Baridi ya leo imegandisha ndoo nzima, taa amekuwa jiwe. Nikaona chumba cha kukaushia nguo kule chini kina bomba la maji moto, nitaiweka huko kidogo tu, ilainike, nikaegemeza kifuniko pembeni. Nikapanda juu, nikakaa kitini, usingizi ukanipitia. Na nilisahau jambo ambalo hakuna mwanamke wa nchi hii anayelisahau — wiki hii kila mtu amefua! Kila pazia, kila gauni jipya la mtoto, vyote vinaning'inia mle.

Na joho la Ingvar. Anaimba sauti ya chini katika kwaya ya kanisa. Alibisha hodi amelibeba kwenye fimbo ya ufagio, mbali na pua yake. Akauliza, kwa upole kabisa, je, nadhani Bwana Mungu atalipokea katika hali hiyo?

Nilikuwa na aibu. Lakini pia nilikuwa karibu kucheka, na nadhani aliona.

Jumatano, 18 Desemba

Nyumba tatu nimewafulia upya. Sijanung'unika, kosa ni langu.

Joho la Ingvar halikutoka harufu kwa sabuni. Basi nikafanya walivyofanya mama zetu: anayetaka kumfukuza taa ndani ya nyumba huchemsha nyama ya kondoo ya moshi. Nikatia paja zima sufuriani, nikalining'iniza joho juu ya mvuke mchana wote. Sasa linanuka moshi kutoka kola mpaka pindo. Ingvar akalinusa, akalinusa tena. Akasema angalau hii ni harufu ya Krismasi. Akalichukua. Nikadhani yameisha.

Kumbe jana alikwisha mpigia Hallveig. Naye kanipigia jioni hii. Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipojua mambo ni mazito. Alisema tu kwamba alilosema Jumamosi liko palepale.

Nami niko palepale.

Jumamosi, 21 Desemba

Siku fupi kuliko zote. Jua limechungulia, likaona haya, likaondoka. Kila dirisha la mtaa lina vile vimishumaa vya umeme saba, na langu pia.

Munda amekuja na mkate mweusi wa nafaka ya rai, na ushauri. Akasema, mwenzangu, mpike kidogo tu, fungua dirisha, usimwambie mtu. Nikamjibu kwamba mapenzi ni kikohozi hayafichiki, na taa ni zaidi ya mapenzi. Tena sitaki kujificha kama mwizi jikoni kwangu mwenyewe. Akanywa kahawa yake. Akasema aliinua mkono siku ile kwa sababu wote walikuwa wameinua. Nikasema najua. Sijamsamehe bado, ila mkate nimeupokea.

Naogopa. Wacha niseme, hapa hakuna anayesikia. Naogopa jioni ya kengele bila mtoto wangu. Lakini naogopa zaidi nikikubali. Leo ni samaki. Kesho wataniambia jiko ni hatari kwa mtu wa umri wangu, kesho kutwa ngazi ni ndefu, halafu ufunguo uko wapi, mama, tutakutunzia. Kila neno litasemwa kwa upole na kila mtu atainua mkono.

Sitaanza na samaki. Sitaanza kabisa.

Jumatatu, 23 Desemba

Asubuhi. Sufuria iko jikoni, maji yanachemka. Dirisha nimelifunga! Nikimpika, nampika.

Mchana. Loo, ukali wake! Umenipanda mpaka kwenye macho. Nimesikia milango ikifunguliwa na kufungwa, ghorofa hata ghorofa. Ingvar amebisha hodi, nikazungumza naye bila kufungua. Akaniuliza kama nakumbuka kura. Nikamwambia naikumbuka vizuri, mimi ndiye niliyepiga ya peke yake. Akashuka ngazi.

Kidogo tena hodi. Munda, ana sahani chini ya shali.

"Nimetumwa nije kulalamika," akasema, akavuta kiti.

Upande wa dirisha nikamkataza. Akahama bila kuuliza. Tukala taa na viazi na mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa, na kikombe kidogo cha kitu kikali. Nililia. Sijui ni ukali au ni Brandur, na sikujishughulisha kujua. Nilimtaka Brandur pale, basi. Munda naye alilia, akasema ni samaki.

Alasiri. Hallveig yuko hapa. Ingvar kampigia tena. Amefungua kwa ufunguo wake, amesimama kwenye kizulia cha mlangoni na koti lake, theluji mabegani, mlango wazi nyuma yake, na harufu yote inashuka ngazi kuwasalimia majirani. Nikamwambia aingie au atoke, ila mlango ufungwe. Akasema mimi ni mkaidi. Nikasema ndiyo. Akasema amelia njia nzima ndani ya gari.

Akauliza, "Mmemaliza?"

"Kimebaki kipande. Cha ubavuni."

Hicho ndicho alichokipenda baba yake. Sikulisema hilo, analijua.

Munda anachunguza sahani yake kana kwamba imeandikwa kitu. Mimi nimechukua daftari ili nisimtazame. Nilisema nitampika, nimempika, na kama kesho nitakuwa na redio peke yake, basi redio.

Amefunga mlango. Kwa ndani. Ameinama. Buti moja amelivua. La pili bado liko mguuni, na mkono mmoja ameshika kitasa asianguke.